Utafiti wa wanafunzi wa biolojia usigeuzwe kuwa maigizo

Majuma machache yaliyopita, kijana mmoja, mwana wa jirani yangu, alibisha hodi nyumbani kwangu wakati wa magharibi akiwa amebeba mswada wa kurasa zipatazo arubaini. Anasomea biolojia katika mojawapo ya vyuo vikuu vyetu vya umma, naye yumo katika mwaka wa nne. Mswada ule ulikuwa mradi wake wa utafiti, kazi ambayo mwanafunzi asipoikamilisha hahitimu. Alitaka niupitishie jicho kwa upande wa lugha kabla hajauwasilisha kwa msimamizi wake.

Mada yenyewe ilinivutia. Alikuwa amechunguza wadudu wadogo waishio chini ya mawe mtoni, juu na chini ya soko moja linalomwaga taka zake majini. Wataalamu wa elimu ya viumbe wanajua kwamba wadudu hao ni mashahidi wasiosema uongo: wapo wanaokufa mara tu maji yanapochafuka, na wapo wanaostahimili uchafu hata kustawi ndani yake. Ukiwahesabu, unapata habari za mto zisizopatikana kwa kuyatazama maji kwa macho. Lakini nilipofika kwenye majedwali nikashangaa. Hesabu zilikuwa nzuri mno. Zilishuka kwa mpango, wiki baada ya wiki, kama ngazi iliyochongwa na fundi. Viumbe hai, kwa kadiri nijuavyo, hawana adabu ya namna hiyo.

"Mwanangu," nilimwuliza, "mto huu hasa uko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Mwalimu, nisikufiche. Mto huo sijawahi kuufikia. Hesabu hizi nilipewa na mwenzangu aliyehitimu mwaka juzi, nami nikazibadilisha kidogo. Karibu darasa zima hufanya hivyo."

Sikumkemea. Kukemea ni rahisi, na aghalabu anayekemea huwa anajiondolea jukumu la kufikiri. Badala yake nilikaa usiku ule nikijiuliza swali ambalo leo naliweka mbele ya walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu. Ikiwa kijana anaweza kukaa miaka minne katika chuo kikuu, akafundishwa habari za viumbe vyote kuanzia bakteria hadi ndovu, kisha akaondoka na shahada pasipo hata mara moja kukiuliza kiumbe hai swali lake mwenyewe na kulisubiri jibu, je, shahada hiyo ni ya nini?

Kwanza tuelewane kuhusu nafasi ya mradi huu katika masomo. Mihadhara yote ya shahada ya kwanza, iwe ya seli, jenetiki, mimea, wanyama, ikolojia au vijidudu, inahusu mambo ambayo wengine wamekwisha kuyagundua. Hata masomo ya maabara, kama yanavyoendeshwa katika vyuo vingi, hayatoki nje ya duara hilo. Mwanafunzi hupewa karatasi ya maagizo: changanya hiki na kile, pasha moto kwa dakika kadhaa, chora ukionacho katika hadubini. Mwalimu analijua jibu, mwanafunzi anajua kwamba mwalimu analijua, na kwa hiyo bidii yote huelekezwa katika kulipata jibu lile linalotarajiwa. Mazoezi ya aina hiyo yana faida yake, kwani hakuna fundi asiyeanza kwa kuiga mkono wa mwalimu. Walakini anayeiga hadi mwisho hatakuwa fundi kamwe. Mradi wa utafiti ndio mlango pekee ambamo mwanafunzi hutoka katika ua wa yanayojulikana na kuingia katika msitu wa yasiyojulikana, ambamo hata msimamizi wake hana jibu. Tukiufunga mlango huo tutakuwa tunafundisha historia ya biolojia, si biolojia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makuu. Kwamba utafiti ni kazi ya maprofesa na ya mataifa tajiri yenye mashine za mamilioni, na kwamba kijana wa miaka ishirini hana la kuugundulia ulimwengu. Hoja hiyo inasikika kila mara, nayo haina mashiko. Historia ya elimu ya viumbe yenyewe inaikanusha.

Tumchukue Charles Darwin. Machi 1827, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Edinburgh na umri wake haujatimia miaka 19, aliwaeleza wanachama wa chama kimoja cha wanafunzi mambo aliyoyaona katika viumbe vidogo vya baharini alivyoviokota mwenyewe ufuoni. Masomo ya udaktari yalimshinda, lakini ile tabia ya kuinama, kuokota, kutazama na kuuliza haikumwacha.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwaka 1911 katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, palikuwa na chumba kidogo ambamo Profesa Thomas Hunt Morgan alifuga nzi wa matunda. Vifaa vyake vilikuwa chupa za maziwa, ndizi mbivu na lenzi za kukuzia. Miongoni mwa vijana waliofanya kazi humo alikuwamo Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Jioni moja, baada ya mazungumzo na mwalimu wake, Sturtevant alichukua takwimu za nzi wale akaenda nazo nyumbani. Aliwaza kwamba jeni zinazokaa karibu katika kromosomu huandamana mara nyingi zaidi zinaporithiwa, na zile zinazokaa mbali hutenganishwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo, kwa kuhesabu ni mara ngapi zimetengana, mtu anaweza kupima umbali kati yake. Akakesha, akaiacha kando kazi ya darasani aliyopewa, na kulipopambazuka alikuwa amechora ramani ya kwanza ya jeni katika historia ya dunia. Ilichapishwa mwaka 1913. Elimu yote ya ramani za jeni inayotumika leo, tangu katika uzalishaji wa mahindi hadi katika tiba za magonjwa ya kurithi, ilianzia mezani pa mwanafunzi yule.

Msomaji azingatie mambo mawili hapo. La kwanza, hapakuwa na mashine ya mamilioni. Ndizi tunazo, chupa tunazo, na nzi hatuna haja ya kuwaagiza kutoka ng'ambo. La pili, na hili ndilo kubwa, Sturtevant hakuachwa peke yake. Alikuwa na meza yake katika chumba cha mwalimu, alishiriki mazungumzo ya kila siku, na aliruhusiwa kuzigusa takwimu za kweli. Utafiti huru haumaanishi mwanafunzi kutelekezwa. Uhuru wa mtafiti mchanga ni kama uhuru wa mtoto anayejifunza kuogelea: aachiwe maji, lakini mtu mzima asiende mbali. Chuo cha MIT cha Marekani kililitambua jambo hilo mwaka 1969 kilipoanzisha mpango maalumu wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa walimu wao, na mpango huo umeigwa na vyuo vingi tangu wakati huo.

Wala tusidhani mifano iko ughaibuni tu. Mwanasayansi wetu Thomas Odhiambo, aliyebobea katika elimu ya wadudu, aliandika mwaka 1967 kuhusu haja ya Afrika Mashariki kuitumia sayansi kwa maendeleo yake, na mwaka 1970 akaanzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kijulikanacho kama ICIPE. Kutoka katika kituo hicho, kwenye tawi lake la Mbita kando ya Ziwa Victoria, kuliibuka mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za kulishia mifugo pembezoni, ili nondo wa viwavi vya mahindi wafukuzwe ndani ya shamba na kuvutwa nje yake, huku gugu la kayongo likidhibitiwa. Mwaka 2020 watafiti wa kituo hicho hicho walitangaza kwamba wamegundua kijidudu kinachoishi ndani ya mbu kando ya Ziwa Victoria ambacho humzuia mbu huyo kubeba vimelea vya malaria. Kijidudu hicho kilikuwepo muda wote huo, katika mbu waliokuwa wakituuma. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Tena tumkumbuke Profesa Wangari Maathai. Wengi humjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani aliyotunukiwa mwaka 2004, lakini husahau kwamba alikuwa mwanabiolojia aliyepata shahada yake ya kwanza Marekani mwaka 1964 na ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa akizuru mashamba kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa maradhi ya ng'ombe. Huko aliona mito iliyojaa udongo mwekundu, ng'ombe waliokonda na ardhi iliyovuliwa nguo. Akang'amua kwamba adui mkubwa wa ng'ombe wale pengine hakuwa kupe, bali uharibifu wa mazingira yenyewe. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Najiuliza: lau angezitunga hesabu za kupe akiwa ofisini, angeuona udongo ule?

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Faida ya mwanafunzi kwenda mtoni, shambani au ufuoni haiko katika jibu la swali alilokwenda nalo tu. Iko pia katika yale asiyoyatarajia ambayo viumbe humwonyesha njiani. Anayenakili huyakosa yote mawili.

Na hasara si ya mwanafunzi peke yake. Nchi isiyowafundisha vijana wake kuvichunguza viumbe vyake huja kuambiwa na wageni thamani ya mali iliyomo nyumbani mwake. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli za vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, vijidudu ambavyo vimezoea kuishi katika maji makali yasiyovumilika na viumbe wengi. Baadaye kampuni moja ya Marekani ilitengeneza kutokana na vijidudu hivyo vimeng'enya vya kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likajitokeza kudai sehemu ya faida. Ni vizuri kudai haki, lakini ingalikuwa vizuri zaidi iwapo aliyeichota chupa ile ya kwanza ya maji angalikuwa mwanafunzi wetu, ambaye angalirudi nayo katika maabara yetu.

Au tulitazame jambo la karibuni zaidi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, ambaye hapo awali hakuwapo kwetu, amepatikana katika kaunti ya Marsabit. Mbu huyu hutofautiana na wale tuliowazoea kwa kuwa hupenda kuzaana katika matangi na vyombo vya maji, kwa hiyo anaweza kuineza malaria mijini ambako watu wamejiona salama. Nani atamfuatilia hatua kwa hatua, mji baada ya mji? Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, haiwezi kuwa na jicho katika kila tangi. Lakini vyuo vikuu vimetapakaa takriban kila pembe ya nchi, na kila kimoja chenye idara ya biolojia kina vijana wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada. Jeshi hilo tunalo, ila tumelifundisha kupiga gwaride la karatasi.

Sasa tuwe waadilifu tukiri vikwazo. Mhadhiri anayewasimamia wanafunzi wengi kuliko awezavyo hata kuyakumbuka majina yao hawezi kumfuata kila mmoja mtoni. Kemikali za maabara ni ghali, hadubini nyingi ni kongwe, na basi la idara, ikiwa lipo, halina mafuta. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda hazina ya kitaifa ya utafiti na kuagiza itengewe kiasi kilicho sawa na asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Sheria hiyo inasomeka vizuri. Fedha zilizotengewa hazina hiyo hazijawahi kulifikia lengo lake. Serikali inayowataka raia watii sheria haina budi kuitii na hii.

Kikwazo kingine ni migomo. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49, kuanzia Septemba hadi mapema Novemba, wakidai malimbikizo ya haki zao. Sina nia ya kuwalaumu. Mfanyakazi astahili ujira wake. Nataka tu ieleweke kwamba katika biolojia muda uliopotea haulipwi kwa mihadhara ya Jumamosi. Mmea hausubiri mapatano kutiwa saini ndipo uchanue, na mabuu hayaahirishi kuwa mbu. Mwanafunzi aliyepanga kuchunguza kiumbe wakati wa mvua za vuli, mvua zikipita akiwa amefungiwa nje ya maabara, hubaki na njia mbili: asubiri mwaka mzima, au atunge. Tusijifanye kushangaa anapochagua ya pili.

Nayo biashara ya kumsaidia kuchagua hivyo imeshamiri. Karibu na malango ya vyuo, katika vibanda vya kupiga chapa na kunakili, miradi iliyokamilika huuzwa kwa bei ya kuafikiana, na inajulikana ulimwenguni kote kwamba wapo wasomi wetu wanaojipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Sasa imeongezeka akili unde, inayoweza kukuandikia sura ya utangulizi, mapitio ya maandishi na hata jedwali la matokeo kabla chai haijapoa. Baadhi ya walimu wanaiogopa kama tauni. Mimi naiona kuwa kioo. Ikiwa mradi unaweza kuandikwa wote na mashine isiyowahi kulowa miguu, basi kosa limo katika namna tunavyoutahini mradi huo. Tumekuwa tukiyapa alama maandishi, ilhali tulipaswa kuutahini uchunguzi.

Jambo hili lina dharura ya pekee hivi sasa, nami nawaomba walimu walitafakari kwa makini. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na wengi wao serikali imewatarajia wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Watawasili vyuoni mwaka 2029. Kwa hiyo vyuo vitalazimika kuziandika upya kozi zake, biolojia ikiwemo. Muundo wa 2-6-3-3-3 unazungumzia miaka isiyopungua mitatu ya chuo kikuu, mahali pa minne tuliyoizoea katika 8-4-4. Pindi miaka inapopunguzwa, kitu fulani hukatwa, na kwa desturi kinachokatwa kwanza ni kile chenye gharama na usumbufu. Nahofia kwamba shoka litauangukia mradi wa utafiti, na pengo lake lijazwe na somo jingine la mihadhara.

Watetezi wa miaka mitatu wataniambia kwamba hata zamani, kabla ya 8-4-4 kuanzishwa mwaka 1985, shahada nyingi zilichukua miaka mitatu na wasomi wazuri walipatikana. Ni kweli. Lakini mwanafunzi wa enzi zile alikuwa ametumia miaka miwili katika kidato cha tano na cha sita, akisoma masomo machache kwa kina na kufanya kazi nyingi za maabara. Alifika chuoni mikono yake ikiwa imekwisha kuizoea hadubini. Je, shule zetu za upili za sasa, ambazo nyingi bado hazina maabara ya kuridhisha, zitampa mwanafunzi wa Gredi ya 12 maandalizi yale? Ikiwa jibu ni la, basi kuupunguza muda wa chuo bila kuzijenga maabara za shule ni kuukata mti kutoka pande zote mbili.

Tena kuna maradhi yanayopanda kutoka chini. Mzazi yeyote mwenye mtoto katika mtaala huu amewahi kukesha akikata karatasi na kubandika gundi ili kuukamilisha mradi wa mwanawe. Mtoto huubeba asubuhi, mwalimu huutia alama, na kila mtu hujua ni kazi ya nani. Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Tumemkunja, ila tumemkunjia upande usiofaa: tumemfundisha tangu utotoni kwamba mradi ni kitu kinachofanywa na mwingine. Akifika chuoni mzazi hayupo. Kibanda cha langoni kipo.

Basi tufanye nini? Sipendi makala yanayolia bila kupendekeza, kwa hiyo nitataja manne, yote yakiwa ya gharama ndogo.

La kwanza, utafiti usingoje mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe kipande cha ardhi kisichozidi meta moja mraba katika uwanja wa chuo, akitembelee kila juma, na aandike ni nini kinachoota, kinachotambaa na kinachokufa. Maswali yatakuja yenyewe. Kufikia mwaka wa mwisho atakuwa amekwisha kujua tofauti ya kutazama na kuona.

La pili, idara ziwe na miradi ya kudumu inayorithishwa. Badala ya wanafunzi hamsini kutafuta mada hamsini zisizohusiana, idara ichague mto mmoja, kinamasi kimoja, au kichaka kimoja cha mathenge, ule mti ulioletwa Baringo miaka ya themanini ukageuka balaa, na kila kundi la wanafunzi liendeleze vipimo pale yalipoachwa na waliotangulia. Kila mwanafunzi awe na swali lake mwenyewe ndani ya mradi huo. Msimamizi mmoja ataweza kuwaongoza kumi kwa safari moja, na baada ya miaka kumi chuo kitakuwa na hazina ya takwimu ambayo hata serikali ya kaunti itakuja kuibishia hodi.

La tatu, alama zihamishwe kutoka katika kitabu kilichojalidiwa hadi kwenye daftari la uchunguzi. Daftari lile lenye madoa ya tope, tarehe, mistari iliyokatwa na makosa yaliyokiriwa ndilo ushahidi wa kazi. Mwanafunzi asimame mbele ya walimu wawili akiwa na daftari hilo, aulizwe: siku hii ulifika saa ngapi? Kwa nini hesabu hii imefutwa? Ungelirudia jambo gani? Aliyekuwa mtoni atajibu hata kwa kigugumizi. Ambaye hakuwapo hataokolewa na ufasaha.

La nne, na pengine gumu kuliko yote, tuache kuwaadhibu wanafunzi kwa matokeo yasiyopendeza. Wengi hutunga takwimu si kwa uvivu, bali kwa hofu. Wamefundishwa kwamba jaribio lisilothibitisha dhana ya mwanzo limeshindwa. Sivyo hata kidogo. Jaribio lililofanywa kwa uaminifu likasema "la" limetufundisha jambo. Msimamizi anayenuna anapoletewa matokeo ya namna hiyo ndiye mwalimu wa kwanza wa udanganyifu.

Kwa wanafunzi nina neno moja tu. Shahada iliyopatikana kwa takwimu za kuazima itakufikisha mlangoni pa mwajiri, lakini haitaingia nawe ndani. Siku moja utaulizwa na mkulima kwa nini mahindi yake yamenyauka, au na muuguzi kwa nini malaria imeongezeka mtaani, na jibu halitakuwa katika kitabu cha mwenzako aliyehitimu mwaka juzi.

Nimalize kwa yule kijana wangu. Usiku ule sikuigusa lugha ya mswada wake. Nilimwambia muda uliosalia ulitosha safari tatu au nne, nikampa nauli ya matatu ya safari ya kwanza, nikamwambia aende akapindue mawe. Aliondoka akiwa na uso wa mtu aliyenyimwa. Juma lililopita alirejea, viatu vikiwa vimechakaa na daftari limevimba kwa maji. Hesabu zake mpya hazikuwa na uzuri wowote. Chini ya soko wadudu walikuwa wachache kama alivyotarajia, lakini baada ya mvua kubwa ya juma la pili walipungua hata juu ya soko, ambako maji yalikuwa safi.

"Mwalimu," akasema, na safari hii hakuinamisha kichwa, "nimekaa nikiwaza jambo hili siku mbili. Ikiwa uchafu ndio unaowaua, hawa wa juu wamekwenda wapi? Au mafuriko ndiyo yaliyowazoa pamoja na mawe yao? Na kama ni mafuriko, watarudi baada ya muda gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Akatabasamu, akaniuliza kama ningeweza kumwongezea nauli ya safari moja zaidi.